John Naka

John Yoshio Naka (16 Agosti 1914 – 19 Mei 2004) alikuwa mtunza bustani, mwandishi na mwalimu wa sanaa ya bonsai kutoka Marekani, mwenye asili ya Japani. Anahesabiwa kati ya watu waliofanya kazi kubwa zaidi ya kuieneza sanaa hiyo nje ya jamii za Wajapani katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kazi yake inayojulikana zaidi ni Goshin, msitu mdogo wa miti 11 ndani ya chombo kimoja, unaotunzwa mjini Washington, D.C. Vitabu vyake viwili kuhusu mbinu za bonsai vimekuwa vitabu vya msingi kwa wanafunzi wa sanaa hiyo katika nchi nyingi.

Maana ya bonsai

Bonsai ni mti wa kawaida unaokuzwa katika chungu kifupi na kupewa umbo la mti mkubwa na mkongwe. Jina linatokana na maneno mawili ya Kijapani: chungu bapa na kupanda. Asili ya sanaa hii ni China, ambako huitwa penjing. Kutoka huko ilifika Japani na kupata sheria na mitindo yake.

Watu wengi hudhani kwamba bonsai ni aina maalumu ya mti mfupi au mti uliodumazwa kwa njaa. Sivyo. Mbegu yake ni ileile ya mti wa porini, na ukihamishiwa shambani unaweza kuendelea kukua kama miti mingine. Udogo wake unatokana na kupogolewa mara kwa mara matawi na mizizi. Mti wa bonsai hupewa maji, mwanga na mbolea ya kutosha, kwa sababu mti dhaifu hauwezi kustahimili kukatwa na kukunjwa.

Utoto na malezi

Naka alizaliwa Fort Lupton, katika jimbo la Colorado, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Japani, hivyo yeye alikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Alipokuwa na umri wa miaka 8, familia ilirudi Japani, na huko alikulia katika kisiwa cha Kyushu.

Mtu aliyemwathiri zaidi katika miaka hiyo alikuwa babu yake, aliyependa bonsai. Kijana alijifunza kwake kumwagilia, kukata na kufunga waya. Alijifunza pia jambo ambalo baadaye alilirudia kwa wanafunzi wake maisha yote: mtunza bonsai hana budi kuutazama mti kwa muda mrefu kabla ya kushika mkasi, kwa maana tawi likishakatwa halirudi.

Kurudi Marekani

Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 21, Naka alirudi Marekani, akaishi Colorado na kufanya kazi ya kilimo. Watu wa namna yake, yaani waliozaliwa Marekani na kulelewa Japani, walikuwa kati ya dunia mbili. Kiingereza chao kilikuwa na lafudhi ya ugenini, na elimu waliyoipata Japani haikuwasaidia sana kupata kazi.

Hali ya Wamarekani wenye asili ya Japani ilizidi kuwa ngumu baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941. Mwezi Februari 1942 Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini amri iliyoruhusu jeshi kuwaondoa watu kutoka maeneo ya pwani ya magharibi. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao wakiwa raia, walihamishiwa kambini. Wengi walipoteza mashamba, maduka na bustani zao, na miti iliyotunzwa kwa miaka mingi ilikauka kwa kukosa mtu wa kuimwagilia. Naka aliishi Colorado, nje ya eneo lililohusika na amri hiyo.

Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, alihamia Los Angeles, California, pamoja na mke wake Alice. Walijaliwa watoto watatu wa kiume. Huko alijipatia riziki kwa kupanga na kutunza bustani za watu. Wakati huo jamii ya Wajapani wa California ilikuwa ikirudi kutoka kambini na kuanza maisha upya, na kutunza bustani ilikuwa mojawapo ya kazi chache zilizokuwa wazi kwao.

Chama cha bonsai cha California

Mnamo Novemba 1950 Naka na wenzake wanne, pamoja na mwalimu wao Sam Doi, walianzisha chama cha bonsai mjini Los Angeles. Chama hicho baadaye kilijulikana kama California Bonsai Society, na Naka akawa mmoja wa viongozi wake wakuu.

Kuanzishwa kwa chama kulikuwa na maana zaidi ya burudani. Miaka michache tu kabla ya hapo, mambo mengi yenye sura ya Kijapani yalitiliwa shaka nchini Marekani, na familia nyingi ziliyaficha. Kuonyesha bonsai hadharani kulikuwa kuirudisha sehemu ya utamaduni huo machoni pa watu. Naka alikwenda mbali zaidi: aliwafundisha kwa Kiingereza watu wa asili yoyote waliotaka kujifunza. Katika miaka iliyofuata alialikwa na vyama na mikutano ya bonsai katika nchi mbalimbali, ikiwemo Afrika Kusini.

Mbinu alizofundisha

Naka alikuwa mchoraji hodari. Kabla ya kuanza kukata, alikuwa akichora mti jinsi utakavyokuwa baada ya miaka mingi, kisha kuufanyia kazi mti kwa kufuata mchoro. Hatua zilizofundishwa katika masomo na vitabu vyake zinaweza kuelezwa hivi:

Kwanza ni kutafuta uso wa mti. Udongo wa juu huondolewa mpaka mizizi mikubwa ionekane inavyotoka shinani. Mizizi iliyotawanyika pande zote huupa mti sura ya kusimama imara. Mtunzaji huuzungusha mti na kuchagua upande ambao mizizi, mkunjo wa shina na mpangilio wa matawi vinaonekana vizuri zaidi. Upande huo ndio utakaowaelekea watazamaji.

Pili ni shina. Shina zuri ni nene chini na hupungua unene kadiri linavyopanda. Kama shina lina unene uleule kutoka chini hadi juu, hukatwa juu ya tawi dogo, na tawi hilo hufanywa kuwa kilele kipya. Kwa njia hii unene hupungua polepole, ingawa jeraha huhitaji miaka kadhaa kufunga.

Tatu ni matawi. Kwa kawaida tawi la kwanza, lililo chini zaidi, huwa nene na refu kuliko mengine. La pili huelekea upande wa pili, na la tatu huwekwa nyuma ili mti uwe na kina, usionekane kama picha iliyobandikwa ukutani. Matawi yanayopishana, yanayotoka ndani ya mkunjo wa shina au yanayomwelekea mtazamaji moja kwa moja huondolewa. Naka alisisitiza nafasi kati ya matawi. Kipimo chake kilikuwa ndege: kama ndege mdogo wa kufikirika hawezi kupita kati ya matawi, mti umesongamana.

Nne ni waya. Tawi hufungwa waya wa alumini au wa shaba, kisha hukunjwa taratibu kwa vidole. Waya huzungushwa kwa mshazari wa takriban nyuzi 45, na unene wake huwa kama theluthi moja ya unene wa tawi. Ukizungushwa kwa kubana sana hukata gome. Ukilegea hauwezi kulishika tawi. Tawi likiendelea kunenepa, waya huanza kuzama ndani ya gome, kwa hiyo hukaguliwa kila mara na kukatwa kipande kwa kipande. Kuufungua kwa kuuzungusha kunaweza kuvunja tawi.

Tano ni sehemu zilizokufa. Katika milima, miti ya jamii ya mtarakwa hupigwa na radi, upepo na theluji, ikabaki na matawi makavu meupe huku upande mwingine ukiwa hai. Watunza bonsai huiga hali hiyo kwa kuondoa gome katika sehemu fulani na kuipaka dawa ya chokaa na salfa ili isioze.

Pamoja na sheria hizo zote, Naka aliwaonya wanafunzi wake wasizifanye kuwa lengo. Kwake haikutosha mti kufanana na bonsai nyingine. Bonsai ilipaswa kufanana na mti.

Goshin

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Naka alianza kuifanyia kazi miti ya Juniperus chinensis ya aina ya Foemina. Mti huu ni wa jenasi moja na mtarakwa (Juniperus procera) wa milima ya Kenya na Tanzania. Kila mti ulikuzwa peke yake katika mtindo wa wima ulionyooka.

Mwaka 1964 aliweka pamoja miti minne katika chombo kimoja. Wazo lilitokana na msitu wa miti mirefu ulio karibu na hekalu moja nchini Japani. Baadaye kidogo aliongeza miti mpaka ikafika 7, mmoja kwa kila mjukuu aliyekuwa naye wakati huo.

Msitu huo ulikaribia kupotea. Miti kadhaa ilikufa kwa sababu maji hayakutoka vizuri kwenye chombo. Tatizo hili ni la kawaida katika vyombo vifupi. Baada ya kumwagilia, sehemu ya chini ya udongo hubaki imejaa maji, na kimo cha sehemu hiyo hutegemea chembe za udongo, si kina cha chungu. Katika chungu kirefu sehemu hiyo ni ndogo na mizizi mingi iko juu yake. Katika chombo kifupi inaweza kufunika karibu mizizi yote. Mizizi hukosa hewa, huoza, na majani hunyauka ingawa udongo ni mbichi. Mtunzaji asiyejua sababu huona mti unanyauka, akaongeza maji, na hivyo kuharakisha kifo chake.

Naka alibadilisha miti iliyokufa, na kufikia mwaka 1973 alikuwa na msitu imara wa miti 7, ambao ulionyeshwa Philadelphia. Wakati huo ndipo ulipopewa jina la Goshin, lenye maana ya mlinzi wa roho, kwa kukumbuka hekalu lililompa wazo. Wajukuu walipofika 11, miti nayo ikawa 11. Mti mrefu zaidi una kimo cha zaidi ya mita moja, na mingine imepangwa kwa kupungua kimo na unene ili mtazamaji aone kama yuko ukingoni mwa msitu mkubwa. Idadi isiyogawanyika kwa mbili hupendelewa katika misitu ya bonsai kwa sababu jicho haliwezi kuikata katika nusu mbili zinazolingana.

Makumbusho ya taifa

Mwaka 1976, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru, watu wa Japani waliipa zawadi ya bonsai 53. Miti hiyo iliwekwa katika bustani ya miti ya taifa mjini Washington, D.C., na kuwa chanzo cha makumbusho ya bonsai. Mmoja kati yake ni msonobari uliotunzwa tangu mwaka 1625, ambao ulinusurika bomu la atomiki lililopigwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945.

Mkusanyiko huo ulikuwa wa miti kutoka Japani. Mwaka 1984 Naka alitoa Goshin kwa mfuko wa taifa wa bonsai ili iwekwe katika bustani hiyo. Kwa kutoa kazi aliyoihesabu kuwa ya wajukuu wake, alifungua njia kwa kazi za watunzaji wa Marekani kukaa pamoja na zile za Japani. Mwaka 1990 lilifunguliwa banda la bonsai za Amerika Kaskazini, likapewa jina lake. Goshin imewekwa mlangoni mwa banda hilo.

Vitabu na heshima

Kitabu chake cha kwanza, Bonsai Techniques, kilitolewa mwaka 1973, na cha pili, Bonsai Techniques II, mwaka 1982. Vyote viwili vina michoro mingi inayoonyesha mti kabla na baada ya kazi, jambo lililowasaidia wasomaji wasio na mwalimu karibu.

Mwaka 1985 serikali ya Japani ilimpa Nishani ya Jua Linalochomoza, daraja la tano. Mwaka 1992 alipewa tuzo ya taifa ya Marekani kwa mabingwa wa sanaa za jadi. Hivyo nchi zote mbili alizoishi zilimheshimu kwa kazi ileile.

Mafundisho yake na miti ya nchi kavu za Afrika

Naka aliwahimiza wanafunzi kutumia miti ya nchi zao na kujifunza kutoka kwa miti mikongwe inayowazunguka. Wazo hilo lina uzito katika Afrika, ambako miti ina maumbo yasiyopatikana Japani. Afrika Kusini watunzaji wameanzisha mitindo yao, k.m. mtindo wa Pierneef, unaofuata mgunga wenye taji kama mwavuli. Umepewa jina la mchoraji Jacobus Hendrik Pierneef (1886–1957), aliyechora miti hiyo mara nyingi. Uko pia mtindo wa mbuyu, wenye shina nene na matawi mafupi.

Maumbo hayo yanaonekana pia katika uwanda wa kati wa Tanzania. Msalato, kaskazini mwa mji wa Dodoma, na maeneo jirani hupata mvua ya msimu mmoja tu, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na wastani wa Dodoma ni takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Ukame, upepo, mbuzi na shoka huifanyia miti kazi inayofanana na ya mtunza bonsai: vilele hukatwa, matawi mapya huchipua chini, na shina hunenepa kuliko kimo chake. Migunga inafaa kwa bonsai kwa kuwa vijani vyake ni vidogo na vinalingana na udogo wa mti. Mbuyu na waridi la jangwani (Adenium obesum) huweka maji shinani. Katika kiangazi, vinapopukutisha majani, maji hupunguzwa sana. Kwa wote hao somo la Goshin linabaki: udongo wa mfinyanzi peke yake haufai katika chombo kifupi. Huchanganywa na changarawe ndogo au vipande vya matofali ya kuchoma vilivyochekechwa, na chungu hutobolewa chini.

Wakulima wa Dodoma wana maarifa ya karibu na haya katika njia ya kisiki hai, iliyoenezwa mkoani humo na LEAD Foundation. Katika kisiki chenye mizizi iliyo hai, mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hukata mengine, huweka alama na kuyalinda dhidi ya mifugo. Lengo ni tofauti, kwa kuwa kisiki hai hutafuta mti mkubwa wa kivuli, kuni na malisho. Lakini uamuzi wa mwanzo ni uleule: kuchagua kipi kibaki. Anayetaka kufanya bonsai anashauriwa kuanza na mbegu, vipandikizi au miche ya kitalu, kwa kuwa kung'oa miti katika hifadhi za misitu za Tanzania bila kibali ni kosa la kisheria.

Kifo na urithi

Naka alifariki tarehe 19 Mei 2004 huko Whittier, California, akiwa na umri wa miaka 89. Baada ya kifo chake michoro yake ilikusanywa na kuchapishwa.

Mchongaji akifa, kinyago chake hubaki kama alivyokiacha. Kazi ya Naka haiwezi kubaki hivyo. Goshin huendelea kuchipua kila mwaka; isipopogolewa, katika miaka michache itapoteza umbo, na ikikosa maji siku chache za joto kali inaweza kufa. Watunzaji wa makumbusho huimwagilia, huipogoa na kuibadilishia udongo, na kila mmoja wao huamua upya tawi lipi likatwe na lipi liachwe. Kwa sababu hiyo Goshin ya leo ni kazi ya Naka na ya watu wengi waliomfuata, baadhi yao wakiwa hawakuwahi kuonana naye.